Ubahili, Kesi na Msaragambo: Mwongozo wa Kijana wa Kihurio Anayetaka Kuwa Mhandisi wa Programu

Watani wetu hawatuishii maneno sisi Wapare. Wanasema tu wabahili, na wanasema tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kijana wa Kihurio, huku kwetu Upareni, unayekwenda kusomea kompyuta Dodoma au Dar es Salaam, usikane hata moja. Yabebe yote mawili, uongeze na la tatu ambalo watani hawalitaji, yaani msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Kwa mambo hayo matatu utakua katika kazi hii kuliko mwenye vyeti vingi asiyekuwa nayo. Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: kuwa bahili bila kuona haya

Mhandisi mchanga hupenda kuonyesha anavyojua. Panapotosha mistari mia anaandika elfu, na kazi ndogo anaibebesha programu saidizi kumi alizozikuta mtandaoni. Wewe bana matumizi. Kila unapoandika, mfikirie mama mwenye jaruba la mpunga pale bondeni, mwenye simu ya kitochi na salio la kuhesabu.

Tuseme chama cha wamwagiliaji kimekuomba programu ya kuwatumia wakulima zamu zao za maji kwa meseji. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiandika "mfereji wa ng'ambo" kwa ritifaa (') iliyonyooka, hakuna tatizo. Ukinakili maneno hayohayo kutoka kwenye waraka ambao kompyuta imeipinda ile ritifaa, umeingiza alama isiyokuwamo katika orodha ya kawaida ya herufi za meseji. Hapo ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa uandishi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wako wa herufi 150 unakatwa vipande vitatu, na chama kinatozwa meseji tatu badala ya moja. Kwa wakulima 500, ritifaa moja iliyopinda imekula gharama ya meseji 1,000 za ziada kila unapotuma.

Bahili wa kweli huliona hilo kabla ankara haijafika, kwa kuwa huuliza bei ya kila kitu. Hiyo ndiyo tabia ya kujenga katika miaka yako ya mwanzo: mstari huu unagharimu nini, na anayelipa ni nani? Ukizoea swali hilo, utaandika programu fupi, nyepesi na zinazosomeka, na wakubwa wako wataanza kukuamini kwa kazi nzito.

Hatua ya pili: fungua kesi na usikubali suluhu ya haraka

Hitilafu ikitokea, ushauri wa kwanza ofisini huwa ni kuzima na kuwasha. Mfumo unarudi, watu wanashukuru, na kesi inafungwa kabla shahidi hajasikilizwa. Wewe kataa.

Turudi kwa wakulima wetu. Mzee mmoja analalamika kwamba zamu yake imepita na shamba halijapata maji. Ukifungua kumbukumbu za seva, unaona meseji ilitumwa na ikapokelewa. Mvivu atamjibu mzee kwamba alichelewa. Wewe panda basi hadi Same, uzunguke kwa Kisiwani, Maore na Ndungu mpaka Kihurio. Mwamkie mzee, "Shikamoo baba," kisha mwombe akuonyeshe simu. Meseji imeandikwa: "Zamu yako 08:00." Mzee amesoma saa nane, na saa nane mchana alikuwa amesimama penye lango la mfereji na jembe lake begani, kama alivyoambiwa. Maji yalishapita tangu saa mbili asubuhi.

Mzee hana kosa. Aliyekosa ni mhandisi aliyeandika saa kwa desturi ya mashine akampelekea mtu anayehesabu saa tangu kunapokucha. Hukumu ni meseji isemayo "saa 2 asubuhi". Ukishaipata usiishie hapo, kata rufaa: kagua kila mahali ambapo mfumo wako unamtajia mtu saa, risiti na vikumbusho vikiwamo, kisha andika jaribio litakalopiga kelele siku mwingine akirudia kosa hilo.

Ung'ang'anizi huu tumeurithi. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upareni kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 watu walishuka Same kwa maelfu kuipinga, na hawakuliachia jambo hilo mpaka kodi ile ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Wazee wale walikataa hesabu wasiyoielewa. Mhandisi anayekomaa hufanya vivyo hivyo mbele ya mashine: jibu likija bila hesabu yake kuonekana, haliidhinishi, hata kama bosi ana haraka.

Hatua ya tatu: nenda msaragambo

Milimani kwetu ndiva, yaani mabwawa yetu ya asili, hujazwa maji usiku, na kunapokucha hufunguliwa ili maji yashuke mashambani kwa zamu. Zimedumu vizazi kwa sababu watu hutoka pamoja na majembe yao kuzoa tope na kuziba mianya. Programu nayo hujaa tope: sheria hubadilika, simu mpya huingia sokoni, aliyeiandika anahama kazi. Isipozolewa, siku moja maji hayatoki.

Nchi yetu imelijua hilo mapema. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wataalamu wa kuitunza walikuwa haba, mfumo wa hesabu ukaleta vurugu, na mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini. Zuio hilo lilikuja kulegezwa polepole, na vijana wengi wa Kitanzania walichelewa kuigusa mashine. Kwa hiyo ukiwa katikati ya safari yako, wakati kila mtu anagombania kuanzisha mfumo mpya, jitolee kutunza uliopo. Kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi wala picha na mgeni rasmi, lakini ndiko utakakojifunza jinsi programu zinavyozeeka, na ujuzi huo hakuna darasa linaloutoa.

Msaragambo wa programu upo, na Watanzania wamo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili. Chuo hichohicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo katika DHIS2, programu huria ambayo wizara za afya za nchi nyingi, yetu ikiwamo, hukusanyia takwimu za zahanati na hospitali. Milango iko wazi. Anza na jembe dogo: rekebisha tafsiri mbaya, eleza hitilafu vizuri, andika maelekezo ambayo karani wa zahanati atayaelewa. Kisha soma msimbo wa waliokutangulia, uone walivyofikiri.

Hatua ya nne: ubahili uwe na mpaka

Bana fedha, bana bando, bana mistari. Maarifa usiyabane. Wapo wahandisi wenye miaka kumi na tano kazini ambao peke yao wanajua nywila za seva na sababu ya kila kiraka. Wanajiona nguzo. Wakiugua, ofisi nzima inasimama, na likizo yao ni kushika simu ufukweni. Hao wamezeeka kazini, hawajakua.

Kipimo cha mhandisi mkubwa ni hiki: akiondoka wiki mbili, kazi inaendelea, na waliobaki wanajua kwa nini inaendelea. Ili ufike hapo, kila uamuzi mzito uandikie sababu yake. Mwite mdogo wako akae kando yako unapofuatilia hitilafu. Akiuliza swali la kijinga, lijibu kwa heshima, maana mara nyingi ndilo ambalo wakubwa waliogopa kuuliza. Mpe kazi yenye uzito, si makombo uliyoyakataa, na siku ya kupongezwa litaje jina lake mbele ya watu.

Anza wiki hii. Chagua kazi moja unayoiweza wewe peke yako, iandike hatua kwa hatua kwa Kiswahili chepesi, umkabidhi kijana anayekufuata. Mwache aifanye mwenyewe mpaka mwisho. Akikwama, usimnyang'anye kibodi: fungueni kesi pamoja.