Barua ya Wazi kwa Kamati ya Maandalizi

Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Shughuli Yoyote Ile,
Musoma, Bunda na Butiama,
Mkoa wa Mara.

YAH: SHUKRANI KWA SODA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mwenyekiti, naongoza kikundi kidogo cha sanaa za maonyesho: ngoma, maigizo, na litungu pale mzee wetu anapoamka vizuri. Ni asasi isiyogawana faida, na katika hilo tumefanikiwa kupita malengo, maana faida yenyewe hatujawahi kuiona. Barua hii siielekezi kwa mtu mmoja, bali kwako wewe uliye kila mahali. Mwenge ukipita Bunda, upo. Mgeni rasmi akija kuzindua kisima, upo. Tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, watu wakielekea Butiama, upo tena, na faili kwapani. Sura hubadilika, ratiba ni ileile: wageni kuwasili, Wimbo wa Taifa, utambulisho, burudani, risala, hotuba. Burudani ndiyo sisi. Kwa maneno ya MC, sisi ndio "wakati tukimsubiri mgeni rasmi".

Nianze na shukrani, kama kichwa cha habari kinavyosema. Soda tulizipata. Zilikuwa za moto, lakini zilikuwa soda. Nimeisoma kwa makini busara ya malipo yenu na sasa naielewa. Mwenye turubai hupewa hati yake ya malipo mapema kwa sababu turubai halina uzalendo, usipolilipia, halisimami. Mwenye vipaza sauti hupewa kianzio kwa sababu jenereta halinywi moyo wa kujitolea. Mpishi hulipwa kwa sababu mchele hauivi kwa hamasa. Mcheza ngoma peke yake ndiye aliyejaliwa mwili unaokwenda kwa uzalendo mtupu, kuanzia saa moja asubuhi hadi msafara utakapofika.

Mawasiliano yenu nayo ni ya kupigiwa mfano. Simu hulia jioni ya kuamkia shughuli: "Kiongozi, tupe vijana kumi na watano, wapendeze, mambo mengine tutaongea hapohapo." Hapohapo, Mwenyekiti, ni mbali kuliko Sirari. Nimeitafuta Nyasho, nimeitafuta Nyamuswa, nimeitafuta hadi Mwitongo, sijaifikia. Kila nikikaribia naambiwa mhasibu ametoka kidogo.

Niruhusu nieleze jambo moja la kiufundi, maana naona kamati inadhani ngoma hupigwa tu. Ngoma ina ngozi, na ngozi ikipata umande wa ziwa hulegea. Kwa hiyo tunawasha moto wa nyasi pembeni, tunaipasha, inakaza, inalia. Ikikaa saa moja kivulini inalegea tena, tunaipasha tena. Mgeni anayetarajiwa saa tatu akifika saa saba, kazi yetu kubwa siku hiyo si kucheza bali kuchochea moto. Safari iliyopita kijana wa itifaki mwenye suti nzuri alikuja kutuambia tuuzime kwa sababu moshi unaelekea meza kuu. Tukauzima. Mgeni aliposhuka kwenye gari, ngoma yetu kubwa ilikuwa inatoa sauti ya debe lililojaa unga, na MC akatangaza kwa furaha, "Vijana, changamkeni!" Tulichangamka kwa dakika tatu. Ya nne ikawa ya risala.

Katika dakika hizo tatu mgeni rasmi, mtu mkarimu kweli, alisogea akamtunza mpiga litungu noti ya shilingi elfu kumi, kamera zikimulika. Mzee ana chombo cha nyuzi nane, urithi wa Wakurya, ambacho vijana wanaokimudu kwetu wanazidi kupungua. Jioni nilipouliza habari ya posho nikajibiwa, "Si mmeshatunzwa?" Kwa hesabu hiyo elfu kumi ya mgeni ilikuwa malipo ya watu kumi na watano, nauli ya kuja na kurudi, na uchakavu wa viatu vya mbao. Nilipendekeza mwenye turubai naye atunzwe. Pendekezo lilipokewa.

Habari ya nauli haihitaji maneno mengi. Musoma hadi Butiama unapitia Makutano, na mchomoko, gari dogo lenye watu tisa, haupendi ngoma. Dereva huitazama, huipiga makofi mawili kuonja sauti, kisha huitoza nauli ya mtu mzima. Ngoma zetu zimelipiwa nauli kuliko wachezaji.

Sasa nije kwenye makaratasi, maana najua utasema ungependa kutulipa ila hatujakamilika. Tumekamilika, Mwenyekiti. Tumesajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002, tunapeleka taarifa ya mwaka na kulipa ada yake. Tumekwenda Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, tukatambuliwa kuwa wasanii. Tuna namba ya mlipakodi. Sina ugomvi na ofisi hizo. Kikundi kisichoandika hesabu huvunjika kwa shilingi elfu tano, nimeona. Tuna bodi pia: mwalimu mstaafu, mama mwenye kizimba cha dagaa na mchungaji, na daftari la mweka hazina wetu ni safi kwa sababu halijapata cha kulichafua. Kanuni za NGO za mwaka 2018 zinaitaka asasi inayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 iutangazie umma fedha hizo zimetoka wapi na zinafanya nini. Tunaiheshimu kanuni hiyo kwa moyo wote. Tunaomba tu tupewe nafasi ya kuitii.

Tulielekezwa pia kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tukaulizwa mnauza nini. Tukasema ngoma. Mwandishi wa fomu akatuuliza kama tunaziuza kwa jumla au rejareja. Mtu mmoja mwenye huruma akatunong'oneza kwamba kuku hawakataliwi. Ukikutana na andiko la mradi la kikundi cha wafuga kuku ambao kwa bahati wote wanajua kuigiza, usishtuke.

Wafadhili wa nje wana utaratibu wao, nao sitaumaliza hapa. Wanataka igizo lenye ujumbe, na kwa mkoa huu ujumbe wa kwanza ni ukeketaji. Hapo sina kejeli: ukeketaji ni ukatili, na tungeuigiza hata kama hakuna anayelipa. Ila msimu wake unajulikana na kila mtu kati ya Bunda na Tarime, ni likizo ya Desemba. Fedha za igizo la kuuzuia huwa zinafika Februari, zikiambatana na fomu ya kupima mabadiliko ya tabia. Tena fedha hizo siku yoyote huondoka. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA), kinachofundisha taarabu na kujulikana hadi Ulaya; mwaka 2019 hata hicho kilitangaza kwamba kinaweza kufungwa kwa ukata, wafadhili walipopungua. Kama wenye qanun na fidla wanafikia huko, sisi wenye debe la unga tusemeje?

Ndiyo maana narudi kwako, Mwenyekiti. Wewe hujawahi kukauka. Shughuli hazijawahi kukosekana.

Na usiniambie nchi hii haijazoea kumlipa mcheza ngoma. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuwa Jamhuri, Mwalimu alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akiwasuta wasomi waliojivunia rumba na chachacha huku ngoma za kwao hawazijui. Hakuishia kuhutubia. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, kikaja cha sarakasi ambacho vijana wake walipelekwa China kujifunza. Hao walikuwa waajiriwa wa serikali. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze dunia nzima, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu huyohuyo. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na Bagamoyo ndiko mzee Zawose aliendelea hadi kufariki mwaka 2003. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo mengine yataongelewa hapohapo.

Mwalimu mwenyewe, aliyefanya hayo, alisoma Mwisenge, hapa Musoma. Akiwa Rais alimtafsiri Shakespeare mara mbili: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Rais mwenye nchi changa mezani aliona mchezo wa kuigiza unastahili usiku wake. Leo tunakwenda kumkumbuka kijijini kwake, jirani na makumbusho yenye jina lake, kwa kuupa mchezo wa kuigiza dakika tatu kabla ya risala. Sijui kama kamati imewahi kuliona hilo. Pengine halionekani vizuri kutoka meza kuu.

Najua karata yako ya mwisho. Utasema tukikataa utawachukua wanafunzi wa shule ya jirani, wao hawadai. Kweli hawadai. Wanafundishwa mtindo mmoja wiki ya mwisho, wanavalishwa kanga, wanaitwa "utamaduni wetu". Ila mpigaji wangu bora sasa anaendesha bodaboda Bweri, na aliyekuwa anajifunza litungu yuko Buhemba anatafuta dhahabu. Sikuwalaumu. Nilipowaaga sikuwa na cha kuwapa zaidi ya nakala ya cheti cha ushiriki, kilichosainiwa na mtangulizi wako. Mwanafunzi wa shule hawezi kulichukua litungu kwa wiki moja, na mzee hana muda mrefu. Akiondoka, mtatafuta spika na wimbo wa kwenye simu, na mwenye spika, kama tulivyokubaliana, halipwi kwa uzalendo.

Musoma imewahi kutoa azimio. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa ikaamua watoto wote wenye umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo 1977. Madarasa hayakutosha, walimu hawakutosha, watoto wakaandikishwa. Sisi tunaomba azimio dogo zaidi, linaloweza kupita hata kwenye kikao cha chai: burudani iwe na kifungu chake katika bajeti ya shughuli, juu ya turubai au chini yake, hatuchagui. Nauli itoke kabla ya safari. Posho itoke siku hiyohiyo, mhasibu akiwa bado hajatoka kidogo. Na moto wa kupashia ngoma usizimwe.

Ikishindikana, napendekeza kipengele cha nne cha ratiba ijayo kijazwe na Kamati yenyewe. Viatu vya mbao tutawaazima bure.

Ankara ya shughuli iliyopita imeambatanishwa kwa mara nyingine.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Kiongozi wa Kikundi (Burudani).