Sifa za Kioo Kisichobadili Neno

Wenye magari husifu injini, husifu shokomzoba, wapo wanaosifu hata harufu ya viti. Kioo cha ndani hakina msifu, seuze kile chenye dira pembeni ambayo imeharibika. Nakisifu mimi. Kimo katika gari la jirani yangu hapa Dar es Salaam, gari lililoundwa kwa soko la Marekani, usukani kushoto. Kwenye pembe ya kioo inawaka herufi N, yaani kaskazini. Akienda Bagamoyo, N, na hapo kimesema kweli. Akienda Mbagala, N. Akigeuza getini kwake, N. Nitajie kiongozi mwenye msimamo huo.

Tuanze na nasaba, maana kisifiwacho sharti kiwe na kwao. Mwaka 1911, katika mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, Ray Harroun alikuja na gari la mtu mmoja. Wenzake walipakia fundi wa kuwatazamia nyuma, wakanung'unika kwamba huyu atawaletea ajali. Harroun akafunga kioo mbele yake na akashinda. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba kwenye njia ile ya matofali kioo kilitetemeka mno, hata hakuona kitu. Kwa hiyo ubovu haukukipata kioo hiki ukubwani. Ni wa ukoo, na ushindi vilevile.

Tena, dira nzima ingetufaa nini? Mjini hapa hakuna anayeelekezwa kwa kaskazini-mashariki. Unaambiwa ingia barabara ya vumbi, ukifika kwa muuza chipsi kata kushoto, halafu piga simu. Na ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, kujua kwamba umesimama ukitazama magharibi hakukusogezi hata shubiri. Dira mbovu angalau ina ibada: Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Dar es Salaam, kwa hiyo kioo hiki mawazo yake yako kibla saa zote. Kinachopinda ni gari.

Chanzo cha N hiyo mwanzoni tulidhani ni uaminifu. Kaskazini ya sumaku hailingani na kaskazini ya ramani, na tofauti yake hubadilika kutoka nchi hadi nchi, hivyo kioo hutaka kuambiwa kiko ukanda gani. Kitabu cha gari kina ramani yenye kanda 15, zote za bara la Amerika. Pwani yetu haimo. Kioo kimevuka bahari, kimelipiwa ushuru, kimepewa namba za Tanzania, na bado kinauliza kama tuko upande wa Chicago au wa Florida. Jirani alichagua namba iliyompendeza.

Kisha ikaja tiba, nayo ni tamu. Unabonyeza kitufe mpaka itokee C, halafu unaendesha gari kwa kuzunguka polepole, chini ya kilomita 8 kwa saa, hadi herufi za pande zirudi. Jirani alikwenda kuzungukia uwanja wa mpira. Watoto walimshangilia, mlinzi akamuuliza anajifunzia shule gani ya udereva, na mzee mmoja alisimama kando akisubiri kuona mshindi. Herufi zikarudi, zikabadilika vizuri, kisha N ikakaa tena. Hapo ndipo mtu akaona sumaku ya kushikia simu, iliyobandikwa chini kidogo ya kioo. Sumaku ya dunia ni dhaifu sana. Kasumaku ka simu kakikaa jirani na dira kanaishinda bila jasho.

Sumaku ilipoondolewa, kioo, kwa kukasirika nadhani, kikazima kabisa.

Fundi umeme alianza na fyuzi, akaja kwenye plagi nyuma ya kioo. Volti 12 zipo, ethi ipo, na waya wa rivasi upo, ule unaokiamuru kioo kiwe cheupe ukirudi nyuma usiku. Akaziba kwa kidole kijicho kinachotazama mbele, akamulika tochi kile kinachotazama viti. Kioo kizima kingefifia baada ya sekunde chache. Hiki kiliendelea kung'aa. Basi ugonjwa umo ndani ya kioo chenyewe, na namsifu fundi huyo pia, maana wapo ambao wangekwisha kubadilisha waya zote.

Katika maduka ya Gerezani, jirani alikotafuta kioo kingine, muuza spea alishusha boksi zima la vioo. Chenye plagi inayoingia hakikuwa na dira, chenye dira plagi yake ilikuwa ya gari jingine. Kukitoa cha zamani nako kuna adabu zake: vingine vina skrubu ya nyota, vingine huteleza kutoka kwenye kile kipande cha chuma kilichogundishwa kwenye kioo cha mbele. Ukikivuta kwa hasira, utanunua vioo viwili, na cha pili ni kile kikubwa.

Jirani anasita, anasema amekizoea. Lakini kati ya bamba mbili za kioo hiki kuna jeli ambayo umeme huifanya iwe nyeusi, na sasa imeanza kutokeza tone la kahawia kwenye ukingo wa chini. Jeli hiyo huwasha ngozi na huharibu plastiki ya dashibodi. Sifa zilizobaki atakiimbia mwenyewe, akiwa amevaa glavu.