Mkuu, Naomba Konekisheni

Ukikaribia msimu wa mafunzo kwa vitendo, simu yangu hujaa shikamoo ambazo mwaka mzima sikuziona. "Shikamoo mkuu." Mimi si mkuu wa kitu chochote. Ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, na mamlaka yangu yote yanaishia kwenye muhuri wa "IMEPOKELEWA". Lakini mjini hapa, ukionekana na kitambulisho cha kazi shingoni, kwa mwanafunzi anayesaka nafasi ya fildi wewe ni waziri.

Siwalaumu wao tu. Siku hizi kuna semina za kujenga mtandao wa kitaaluma. Mwezeshaji anakuja na suti, anawaambia vijana asitoke mtu ukumbini bila namba mpya za simu. Vijana ni watiifu, wanapeana namba. Watu mia mbili wasio na kazi wanatoka pale kila mmoja amejuana na wenzake mia moja tisini na tisa wasio na kazi. Mwenye ajira mle ndani alikuwa mwezeshaji, na yeye alishapanda gari zamani.

Halafu kuna LinkedIn. Mtandao ule ulianza mwaka 2003, na mwaka 2016 Microsoft wakaununua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Mpwa wangu yuko mwaka wa pili, hajawahi kuajiriwa hata kuuza maji ya kandoro, lakini kule ni "kiongozi wa mikakati mwenye maono". Nikamuuliza, mjomba, unaongoza nini? Akasema darasani yeye ndiye anayezungusha karatasi ya mahudhurio.

Kinachonichosha zaidi ni ujumbe wenyewe. "Mkuu habari, naomba konekisheni." Basi. Hana jina, hana chuo, hana kozi. Ukimuuliza anataka idara gani, anajibu "popote mkuu". Kesho yake anakutumia faili limeandikwa "CV MPYA KABISA 3". Unalifungua, unashuka hadi kwa wadhamini, unamkuta wa pili ni wewe. Cheo: Meneja.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika jambo hili la kupata kazi kwa kujuana mwaka 1973 baada ya kuwahoji watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Kati ya waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote waliambiwa na watu wa kukutana nao mara mojamoja au kwa nadra. Na ukilitazama, ni kweli: rafiki unayeshinda naye kijiweni anajua yaleyale unayoyajua. Habari mpya iko kwa yule mnayesalimiana tu.

Watu wa kusalimiana nao kwetu wamejaa, tena bila semina. Wako msibani, wako kwenye vikao vya harusi. Mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yako huenda ndiye afisa utumishi unayemtafuta LinkedIn usiku kucha. Lakini mtie kijana kwenye kundi la WhatsApp la kamati uone. Anajitoa kimyakimya kabla hajaulizwa ahadi yake. Akiulizwa na shangazi, simu iliibiwa.

Wala wakubwa wasijifanye wao wanajua. Juzi mkurugenzi wetu alishuka mwenyewe hadi masjala, mtu ambaye hata faili huagiza aletewe mezani. Akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini, eti namfahamu yeyote katika ofisi fulani? Mwanawe anatafuta fildi. Kumbe namfahamu. Tarishi wao akileta barua hukaa hapa akanywa chai, na idara yenye nafasi huijua kabla tangazo halijachapwa. Nikavuta kalamu na karatasi.

"Kijana anasoma kozi gani, bosi?"

Akaangalia dari. Akaangalia rafu ya mafaili. Halafu akatoa simu, akampigia mama wa mtoto kuuliza.