Jinsi ya Kumnyima Mzazi Mwenzio Mtoto kwa Ustaarabu

Ndoa imevunjika, hakimu ameamua mtoto akae kwako, na mwenzio amchukue kila Jumamosi asubuhi, amrudishe Jumapili jioni. Usihuzunike. Amri ni karatasi tu, na wewe ni mtu mzima mwenye akili zako. Nifuate.

1. Soma hukumu nusu. Ukifika palipoandikwa jina lako na neno "malezi", rudisha bahasha kabatini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kumtembelea mzazi wa pili ni haki ya mtoto mwenyewe. Sawa. Lakini mtoto yuko kwako, kwa hiyo na haki zake zitunze wewe, palepale pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

2. Mwuguze. Ijumaa usiku tuma ujumbe: "Mtoto ana homa." Homa ni ugonjwa mzuri, hauachi alama. Wiki ijayo tumbo, inayofuata mafua, halafu rudia homa. Ila kuna jambo moja. Jumamosi hiyohiyo usimweke mgonjwa kwenye stetasi ya WhatsApp, yuko ufukweni Kigamboni, kinywa kimejaa aiskrimu. Najua utamweka. Gauni ni jipya, picha imetoka vizuri, na kuna watu lazima waone kwamba umeendelea na maisha. Basi mfiche baba yake. Na wifi yako pia, yule aliyenyamaza tangu talaka lakini hakosi kwenye orodha ya watazamaji. Wifi wa aina hiyo hapigi simu. Anapiga skrinshoti.

3. Mtoto awe rehani. Matunzo hayajaingia? Au yameingia bila ya kutolea? Hakuna kumwona mtoto. Wanasheria watakwambia matunzo yana maombi yake mahakamani na kumwona mtoto ni jambo lingine kabisa. Waache. Wao hawajui foleni ya kwa karani.

4. Fundisha shahidi. Mahakama ikiamua malezi huzingatia maoni ya mtoto, mradi ameyatoa kwa hiari yake. Hiari hiyo mjengee mapema, kila usiku kabla ya kulala. Chagua maneno ya umri wake, kwa sababu mtoto wa miaka minane akimwambia afisa ustawi wa jamii kwamba "baba hana utayari wa kuwajibika kimalezi", afisa anaacha kuandika na kumtazama usoni. Na baiskeli uliyomwahidi inunue kabla ya mahojiano. Vinginevyo atamaliza kujibu, kisha aulize kama amepatia.

5. Hatua hii ni ya baba zaidi. Mchukue Jumamosi, mrudishe muhula ujao. Ukiulizwa, sema bibi yake alimkumbuka, na kule kijijini mtandao unasumbua. Sheria ileile ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye malezi yake halali, lakini nani atamshitaki bibi?

6. Mkiitwa tena, mama aseme mtoto hajafika miaka 7. Sheria ya Ndoa ya 1971 huanza na dhana kwamba mtoto wa umri huo ni vema akae na mama yake. Kwamba dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi, na kwamba amri ya malezi inaweza kubadilishwa, usiyataje. Wakili wa upande wa pili atayataja, tena akiwa na zile skrinshoti mkononi.

Hakimu akichoka kabisa, Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 124 kwa anayekaidi amri halali: hadi miaka 2 jela. Hata hapo usikate tamaa. Gerezani nako kuna ratiba ya kutembelewa, na askari magereza huwa hana mchezo na saa.