Gauni la Lumbesa

Wanaodai Ruaha Mbuyuni kuna joto mno kwa gauni la sendofu lenye bitana, lesi na mikono ya puto, hawajui uzuri. Jasho nalo ni pambo, tena la bure. Mteja mwenye busara huleta kitambaa Alhamisi, anataka gauni Jumamosi, na shanga zishonwe kwa mkono, moja moja, maana gundi ni ya watu wasio na hadhi. Fundi anachoma sindano, anapiga fundo, anakata uzi kwa meno; malori ya Tunduma yanapita usiku kucha, yeye bado yuko bega la kushoto. Akitaja bei, anaulizwa kwa upole: “Fundi, si unashona tu?” Swali la haki. Kitunguu cha hapa hufungwa lumbesa, gunia likajazwa kupita mdomo, na bei ikabaki ya gunia la kawaida. Gauni lina cheo gani hata lisijazwe vivyo hivyo? Shanga zililipiwa taslimu Kariakoo. Mshonaji atalipwa michango ikikaa sawa. Ukumbini bibi harusi mtarajiwa atazunguka nalo mara moja, kisha atabadilisha. Fundi naye amealikwa, alimradi amalizie ahadi yake ya mchango.