Karibu Nyuma ya Kaunta, "Daktari"

Hongera kwa kazi mpya kwenye kemisti hapa Umoja. Kuanzia leo wateja watakuita daktari, ingawa koti lako jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Usivimbe kichwa. Aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu ni bosi wako aliye chumba cha nyuma. Ukikwama muite, hata kama anakula.

Mteja wa kwanza atataka "zile za rangi mbili, za mbao." Amezoea kununua amoksilini kama sukuma wiki. Muulize anaumwa nini, anayo karatasi ya daktari? Kama ni mafua, usimuuzie: mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiviui. Vidonge viwili vitatu vya kubahatisha huwafunza bakteria ukaidi tu, halafu siku mtoto anapougua kweli, dawa inagoma. Atakwambia kemisti ya ng'ambo humpa bila maswali. Mweleze hata hivyo, kwa upole, na akiondoka muage vizuri. Ni jirani, atarudi.

Anayetoka ushago, tuseme Siaya, ana homa na ameshajiamulia ni malaria. Apimwe kwanza. Ikithibitishwa, dozi ya AL, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Awamu ya pili ni masaa manane baada ya ya kwanza. Ameze na chakula chenye mafuta. Chapati inafaa kuliko chai ya rangi. Akipata nafuu siku ya pili, asimwekee shemeji vilivyobaki.

Mama wa mtoto anayehara ataomba Flagyl. Mpe ORS, na zinki ya siku 10 hadi 14. Ukisikia habari ya damu, au mtoto hawezi kunywa, aende hospitali ya Mama Lucy sasa hivi.

Panadol pia ina mpaka: vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, kwa mtu mzima. Soma paketi ya dawa ya mafua, mara nyingi parasetamoli hiyo hiyo imejificha humo.

Kisha atakuja binti atakayejifanya anatazama miswaki mpaka foleni iishe. Anataka P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Usimkague juu chini, wala usiitaje kwa sauti. Muulize tukio lilikuwa lini: mwisho ni saa 72, na mapema ni bora. Mwambie haikingi Ukimwi. Kama ana hofu hiyo, PEP, dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya tukio, nayo ina saa 72, kwa hiyo mwelekeze hospitali leo, asingoje Jumatatu.