Marumaru Mbele ya Wakwe

Wenye pesa wa Tarime siku hizi hawamalizi nyumba bila kubandika marumaru barazani, tena zile zinazong'aa hadi ukiinama unajua kama kinyozi amekutendea haki. Binamu yangu alizifuata Sirari, mpakani, akazibandika kuanzia ngazini mpaka mlangoni. Bado zinanukia duka, akapokea wakwe watarajiwa kutoka Mugumu, waliokuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti yake.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Anayetoka upande wa Serengeti majira hayo amekanyaga udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa unavimba na kung'ang'ania kiatu hata gambuti lenye meno linageuka kibogoyo. Na meno ya soli yana kazi: hufukuza maji pembeni ili mpira uguse sakafu. Yakiziba, kati ya kiatu na marumaru hubaki utando wa maji na tope. Breki hakuna.

Alianza mshenga. Alikuwa anapiga hodi; silabi ya pili aliimalizia chini. Mzee aliyemfuata aliegemea fimbo, nayo fimbo ikamtangulia. Wa tatu, mwenye katambuga za tairi, alipita wima, akaketi, akaomba maji ya kunywa.

"Tata, hizi hazitelezi," binamu akajitetea. "Boksi lenyewe limeandikwa."

Mzee wa fimbo, bado yuko sakafuni, akauliza: "Mura, limeandikwa Kiingereza?"

"Ndiyo, tata."

"Basi mvua ya hapa haijalisoma."

Wajerumani wana kipimo cha mambo haya, kilichokuwa kikiitwa DIN 51130. Mtu aliyevaa buti hutembea juu ya marumaru zilizomwagiwa mafuta ya injini, huku jukwaa likiinuliwa polepole mpaka ateleze. Zinazomwangusha kati ya nyuzi 6 na 10 hupewa daraja R9. Zinazovuka nyuzi 35 ni R13. Mpimaji hufungwa kamba asiumie, na nadhani hulipwa vizuri. Mshenga wetu aliifanya kazi ile ile bila kamba, akaambulia chai.

Kwenye mazungumzo, upande wa bwana harusi ukadai ng'ombe mmoja apunguzwe kwa ajili ya kiuno cha mshenga. Sisi tukajibu kwamba kiuno kile walikuja nacho. Tulibishana hapo zaidi kuliko tulivyobishana juu ya bibi harusi, hadi wazee wakakubaliana kwamba kiuno kina thamani ya mbuzi.

Binamu hakuzibandua. Amezitandikia magunia ya katani, kwa hiyo gharama yote ile sasa iko chini ya magunia, na akija mgeni wa heshima hufunua pembe moja azione.

Unayejenga Tarime au Serengeti, mwambie fundi barazani na ngazini aipige saruji ufagio kabla haijakauka. Haidai hata senti ya ziada. Za kung'aa zipeleke sebuleni, na bafuni usithubutu.